Sindano ya Shaba: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Mwanao ni mzima, anakula vizuri, na juzi alikwenda Shela kuogelea na wenzake. Tangu aje kwa likizo, kila usiku lazima nimsimulie Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi zetu za pwani: urefu wake, upinde wake, na ile panda, baragumu yake, aliyoipuliza watu wakazimia. Tulipofika kwenye sindano ya shaba, ile aliyochomwa nayo na mwanawe mwenyewe akafa, akaniuliza, "Bibi, kwani yule mtoto hakumpenda baba yake?" Nilimwambia alale. Jibu nakuandikia wewe.

Kisa unakijua. Muhammad Kijumwa wa hapa hapa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913, na kabla yake kilikuwa midomoni mwa watu wa pwani yote hii. Kule Ozi, karibu na Tana inapomwaga maji baharini, watu huonyesha kaburi linalosemwa kuwa la Liyongo. Wanaume wakikihadithia barazani hukaa sana kwenye ushujaa: jinsi walivyomvizia kwenye mkoma, mti mrefu wa jamii ya mitende, wakitaka apande wamfume mishale, naye akaangusha makoma, matunda yake, kwa mshale akiwa chini. Mimi ni mama, macho yangu huenda kwingine.

Huenda kwa yule mtoto. Wagala, watu wa bara, walipomwona Liyongo walishangaa mwili wake, wakamwomba mfalme wapate mbegu yake. Akaozwa binti wa kwao, akazaliwa mtoto wa kiume. Yaani hata hajaingia tumboni, kijana yule alishatakiwa kwa ajili ya nguvu. Jina lake sijapata kulisikia kwa msimulizi yeyote. Wala sijasikia mahali Liyongo anapokaa naye wakala sahani moja. Baba yuko mwituni, anamkimbia mfalme Mringwari, na mtoto anakua akisikia sifa za babake kwa watu wa nje. Mringwari alipotafuta mlango wa kumwingilia shujaa huyo, aliukuta hapo. Akamwahidi kijana uwaziri na binti wa kuoa. Mtoto anayesifiwa nyumbani kwake hanunuliwi kwa bei hiyo.

Basi kijana akaenda kwa babake kumuuliza: baba, ni kitu gani kinachoweza kukuua? Na Liyongo alitambua kwamba ametumwa. Hapa ndipo moyo wangu unaponiuma kila nikisimulia. Alitambua, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Wako wanaosema ni mapenzi, kwamba mzazi hawezi kumnyima mwanawe. Sikatai. Lakini nasikia na fahari ndani yake. Alimpa mtoto kifo chake mkononi ili asionekane anaogopa. Hakumwambia, "Mwanangu, wamekudanganya, kaa na mimi, mimi nakuhitaji." Kumwambia mtu kwamba unamhitaji, kwake kulikuwa kuzito kuliko kufa.

Na si kwamba hakujua kuomba! Alipofungwa gerezani alimwimbia Saada, kijakazi wa mamake, wimbo wenye maneno ya mafumbo: mamangu anipikie mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ndani atie tupa, kile chuma cha kukereza. Walinzi walikuwa wakila kila chakula kizuri kinachopelekwa, wishwa wakauacha. Usiku akataka apigiwe gungu, na watu wakiwa kwenye ngoma na matoazi, yeye akakata minyororo. Wanawake wawili walimwokoa kwa sababu alikubali kusema nina shida, nisaidieni. Kwa mama aliweza. Kwa mwana akashindwa.

Alichomwa amelala chali. Akaamka na maumivu, akachukua upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale, akafa akiwa vivyo hivyo. Watu wakadhani yu hai na ana hasira. Siku zikapita mji hauna maji, hakuna anayethubutu kukaribia. Wanaume hulisimulia hili kwa furaha, kwamba hata maiti yake iliogopwa. Mimi nawafikiria waliokuwa na mitungi mikavu, na watoto wanaolilia maji. Mwisho wakamwita mamake, Mbwasho, aende amsihi. Mama mzima akasimama kwa mbali akimbembeleza mwanawe kwa maneno matamu, hajui kwamba anasema na maiti. Na yule kijana? Wasimulizi hutofautiana, lakini hakuna hata mmoja anayempa raha na vile alivyoahidiwa.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Jumanne mwanao alikatwa na chaza unyayoni, jeraha refu. Nilipokuwa nalisafisha kwa maji ya chumvi alikuwa ameuma ukosi wa shati lake, macho yamejaa, sauti haitoki. Nikamwambia lia, babangu, hakuna mtu hapa. Akaniambia, "Baba alisema nikilia tena hatanipeleka baharini." Ana miaka tisa.

Najua unamlea kwa nia njema, na Malindi si mji mpole kwa kijana mlegevu. Najua pia unatoka alfajiri na unarudi umechoka. Lakini usimfanye mwanao akujue kwa sauti ya mlango tu. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa majahazi, mikono yake migumu kama mbao alizozichonga, na siku ilipoletwa habari ya chombo cha nduguye kuzama, alilia mbele yako hapo ukumbini. Wewe ulimshika kanzu ukakaa naye mpaka magharibi. Hukumdharau. Uliwahi kumdharau hata siku moja?

Mtoto wako hakupungukiwa na mapenzi juu yako. Anakutaja kutwa. Anajua jina la kila mashua uliyowahi kuvulia, na ananisahihisha nikikosea. Ila hathubutu kukuuliza neno.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Usimtume mtu kumchukua, na usiniambie nimpandishe basi na jirani. Njoo mwenyewe, uvuke kutoka Mokowe na boti ya mchana, ulale kwetu usiku mmoja. Nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mtakula sahani moja, wewe na yeye, mimi nitakuwa jikoni. Jeraha lake bado halijafunga, muulize linauma kiasi gani.

Wasalaam,
Mama yako
Langoni, Lamu