Fedha za barabara za pwani zianze na njia ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme machache kuhusu fedha za umma zinazotumika, na zile zinazoombwa zitumike, kuimarisha barabara za ukanda wa pwani kwa hoja ya kukuza utalii. Hoja yenyewe siipingi. Mimi ni mkaazi wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, nimekulia hapa wakati mtu akienda mjini huaga alfajiri na hurudi magharibi, kwa hivyo sihitaji kuelezwa lami imetuletea nini. Ninachotaka kusema ni kwamba tunaipenda lami mpya kuliko tunavyoutunza mtaro, na katika ardhi kama hii yetu mtaro ndio unaoamua lami itadumu miaka mingapi.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii 736,755, ilhali wakaazi wake kwa sensa ya 2022 ni watu 1,889,773. Wageni hao wengi wao hushukia uwanja wa ndege au bandarini Malindi, kisha hupanda gari kuelekea Nungwi na Kendwa, Matemwe, Kiwengwa, Paje, Bwejuu au huku kwetu. Barabara hizo hizo ndizo zinazobeba viroba vya mwani mkavu, samaki wa kupelekwa sokoni Darajani, wanafunzi, na mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku. Husikia wakubwa wakiziita "barabara za utalii", nami hujiuliza huyo mama yeye anapita njia gani.

Sasa nirudi kwenye maji. Upande wa mashariki wa Unguja ardhi yake kubwa ni ya maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo mchache juu yake. Zamani mvua ya masika ikinyesha maji yalizama katika nyufa na mapango, na yaliyobaki yalijua njia zao za kuteremkia pwani, njia ambazo wazee walikuwa wakiziacha wazi bila ya kuandikiwa sheria. Leo tumeshindilia fusi, tumejenga nyumba, na kila kiwanja kilichouzwa kimezungushiwa ukuta. Maji yasipopata pa kupita hufuata ukingo wa barabara, kwa sababu huo ndio uwazi pekee uliobaki. Yanakula kando ya lami, gari ya mchanga inapita juu ya ukingo usio na bega la kuushikilia, ukingo unameguka, na kufikia vuli lile lililokuwa upenyo mdogo limekuwa shimo ambalo madereva wote wanalikwepa kwa kuingia upande wa mwenzao. Kiraka kikiwekwa hapo bila ya kuyaondoa maji, mvua inayofuata inakichimbua.

Liko jambo jingine ambalo watu wa pwani wanalijua na sijaliona likizingatiwa vya kutosha katika kazi zinazofanyika kwetu. Wakati wa bamvua bahari hujaa kupita kiasi, na maji yaliyo chini ya ardhi karibu na ufuo hupanda pamoja nayo, kwa hivyo fusi iliyo chini ya lami katika sehemu za bondeni hulowa kutoka chini hata kama hakuna wingu. Aidha, karavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, ambalo mdomo wake umeelekezwa baharini na kuwekwa chini mno huingiza maji ya chumvi badala ya kutoa maji ya mvua, na mvua kubwa ikiangukia saa ya maji kujaa, basi barabara inageuka bwawa. Mhandisi anayekuja kupima wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, ataondoka na picha ya ufuo mtulivu. Aje wakati wa bamvua, aje kusi kikivuma, awaulize wavuvi na wakulima wa mwani maji hufika wapi, kisha ndipo achore. Ushauri huo hauna gharama hata kidogo.

Mtaani kwangu masika moja ukuta mpya ulijengwa juu ya mkondo wa zamani wa maji. Mvua ilipokuja maji yalipinda na kuingia katika nyumba nne, moja ikiwa ya shangazi yangu, na yakaacha handaki katikati ya njia ya kuelekea pwani. Baada ya malalamiko ililetwa gari ya fusi, ikamwagwa, ikasawazishwa, na sisi tukashukuru. Haikufika wiki tatu, fusi yote ikawa imeshuka ufukweni juu ya mchanga mweupe ambao mgeni amevuka bahari kuja kuutazama. Fedha ile, iwe ilitoka mfuko gani, ilitumika kuchafua pwani. Na fusi nayo haitoki hewani: kila gari inayomwagwa kwetu imeacha shimo katika kijiji cha wenzetu.

Kuhusu fedha zenyewe, sioni kwamba sisi ni watu tusio na pa kuanzia. Tuna Mfuko wa Barabara unaotegemea tozo iliyomo katika kila lita ya mafuta, na tozo hiyo kijana wa bodaboda wa Makunduchi anailipa sawa na mwenye basi la kubebea watalii. Tuna pia kodi ya miundombinu ambayo mgeni hutozwa kwa kila usiku anaolala hotelini. Kodi hii ya pili ndiyo inayonikera, si kwa kuwepo kwake bali kwa ukimya wake. Tazama bima ya lazima ya wageni iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024: mgeni mtu mzima analipa dola 44 na anajua amenunua nini. Lakini akilipa kodi ya miundombinu kwa usiku saba, kisha asubuhi ya kuondoka akatikiswa ndani ya gari katika ile njia ya mita mia chache kutoka hotelini hadi kwenye lami, ana haki ya kuuliza miundombinu gani. Na mimi mwenyeji ninayepita njia hiyo kila siku nina haki zaidi yake.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu maalumu ya kodi hiyo itengwe kwa sheria, isiguswe kwa ujenzi mpya, itumike kwa matengenezo tu ya barabara na njia za shehia ambamo hoteli hizo zimo, na kiasi kilichokusanywa na kilichotumika kibandikwe ofisini kwa sheha, kiongozi wa shehia, kila baada ya miezi mitatu. Kazi yenyewe ifanywe Januari na Februari, wakati wa ukavu wa kaskazi, si Aprili baada ya mvua kuanza, kama tulivyozoea. Kuzibua karavati na kufukua mtaro hakuhitaji greda. Kunahitaji sepetu, gari ya ng'ombe na vikundi vya vijana wa hapo hapo wenye mkataba wa mwaka mzima na malipo yasiyochelewa. Mkandarasi mkubwa akishaondoka na mitambo yake, ni nani atakayeondoa mchanga na chupa za plastiki ndani ya mtaro alioujenga?

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huo utazinufaisha shehia zenye hoteli na kuiacha Pemba nyuma. Hofu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana nimesema sehemu, si kodi yote. Pemba mambo yako kinyume na huku: kwetu hoteli zilitangulia na njia zikafuata kwa kusuasua, ilhali Pemba hoteli ni chache na barabara ndiyo itakayoamua kama mgeni atafika. Mtu anayetaka kwenda kuogelea Vumawimbi, au kuuona mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliojengwa mwaka 1900, lazima kwanza avuke kisiwa, na mkulima wa karafuu anaitumia barabara hiyo kabla yake na baada yake. Barabara za Pemba zilipiwe na bajeti kuu, bila ya kusubiri idadi ya vitanda. Naongeza tahadhari moja tu, kwamba njia inayopita ndani ya Msitu wa Ngezi ibaki nyembamba na ya mwendo mdogo. Anayekwenda kumtazama popo wa Pemba hana haraka.

La mwisho ni vichochoro vya kushukia baharini. Kila mradi wa kuimarisha barabara ya pwani uanze kwa kuhesabu njia za watu na mikondo ya maji iliyopo, zichorwe katika ramani ya mradi, na asiruhusiwe mwenye kiwanja yeyote, awe mgeni au mwenyeji, kuziziba. Mara nyingi njia ya watu na njia ya maji ni moja, na ikishajengwa ukuta, tunapoteza zote mbili kwa siku moja. Kuvunja ukuta baadaye ni kesi ya miaka.

Masika huanza Machi. Karavati lililo karibu na skuli ya mtaani kwetu nililipima juzi kwa fimbo, na mchanga umeshapita nusu yake. Nimempa sheha taarifa, naye amenijibu kwa heshima kwamba hana fungu.

Wako,
Mkaazi wa Jambiani,
Mkoa wa Kusini Unguja