Mlinitaka Sahihi Wakati Sioni

Kwa Meneja,
Ofisi ya Kisumu.
Nakala: Mkurugenzi, Makao Makuu, Nairobi.

MINTARAFU: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA UPASUAJI WA PUA NA KOPE, ISTANBUL

Bwana Meneja,

Natumaini barua hii imekukuta salama. Mimi pia ni mzima, ingawa si kwa juhudi zenu.

Masharti ya kifurushi chenu mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia. Nililipa Sh685,000 na jumbe zote za M-Pesa ninazo. Ninaandika kuhusu yaliyotokea Ijumaa, siku ya pili baada ya upasuaji, kwenye mapokezi ya hoteli, saa nne asubuhi.

Simu ya chumbani ililia. Nikaambiwa nishuke na mizigo yangu, siku zangu zimekwisha. Nikashuka nikipapasa ukuta. Kope zilikuwa zimevimba hadi zikafungana, marhamu imejaa machoni, pua imebanwa na bamba na plasta. Msimamizi wenu, yule mliyeniambia atakuwa kwangu "kama dada", alinishika mkono, akanitia kalamu vidoleni, akauvuta mkono mpaka nikaigusa karatasi. Akasema: "Kenya, imza," yaani sahihi kwa Kituruki. Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Mkalimani hakuwepo. Nikauliza karatasi ni ya nini, nikajibiwa ni ya hoteli tu. Nikatia sahihi. Nusu saa baadaye nilikuwa nimeketi juu ya sanduku langu kando ya barabara, katika mji nisioujua, macho yamefumba.

Kifurushi kilisema usiku kumi. Nilikuwa nimelala minne, na mmoja kati ya hiyo niliulala hospitalini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi hata hiyo ya tatu tangu nishuke kitanda cha upasuaji hamkuingoja, na mlichonipa hakikuwa jembe, kilikuwa kalamu.

Nataka kuwa mwadilifu. Daktari sina neno naye. Pua yangu ilivunjika katika ajali ya bodaboda pale Kondele mwaka wa 2019, na tangu hapo tundu la kushoto lilikuwa halipitishi hewa vizuri. Kope za juu nazo zilikuwa zimelegea hadi nikisoma lebo za nguo dukani lazima niinue kidevu kama kuku anayekunywa maji. Daktari alinieleza kila kitu mkalimani akiwepo: kwamba ngozi iliyozidi kwenye kope itakatwa, kwamba mfupa wa pua utanyooshwa na gegedu ya ndani ya pua yenyewe itatumika kuushikilia, kwamba uvimbe hupanda zaidi siku ya pili na ya tatu, kwamba ncha ya pua huchukua hata mwaka mzima kutulia. Akanikataza kuinama, kupenga kamasi na kunyanyua kitu kizito. Kwenye fomu yenu mlikuwa mmeniandikia "pua nyembamba ya kisasa". Nikaifuta kwa mkono wangu. Sikwenda kutafuta pua ya kizungu, nilikwenda kuirudisha yangu. Daktari alielewa. Nyinyi hadi leo mnaniandikia ujumbe kuuliza kama "nimefurahia mwonekano mpya".

Kunyanyua kitu kizito, nilisema. Lile sanduku lina kilo 23, na nililishusha ngazi za hoteli peke yangu.

Nilipiga simu ofisi yenu ya Kisumu mara sita ile Ijumaa, nikipapasa kioo cha simu kwa kidole, nikimwomba mpita njia anisaidie kutafuta jina lenu. Jumatatu yake ndipo mliponijibu kwamba ofisi ilikuwa imefungwa "kwa sababu ya tofauti ya saa". Bwana Meneja, tofauti gani? Uturuki iliacha kubadilisha saa mwaka wa 2016. Saa ya Istanbul na saa ya Kisumu ni moja, mwaka mzima. Saa nne kwangu ilikuwa saa nne kwenu, na saa nne Ijumaa ofisi yenu huwa wazi, maana ndiyo saa niliyoleta amana. Siku hiyo nilipokelewa kwa chai. Mliniita "mpendwa" hadi pesa ilipoingia.

Hata kabla ya hapo ningalijua, kama ningalitaka kujua. Siku ya kufika nilishukia uwanja mkubwa wa upande wa Ulaya, kama tiketi mliyoikata wenyewe ilivyosema. Dereva wenu alikuwa akiningoja uwanja mwingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bosphorus. Ni kama mtu akungoje Ahero na wewe umeshukia Maseno. Nilikaa saa tatu kwenye benchi kisha nikalipa teksi. Nikajiambia ni bahati mbaya tu, safari haikosi vumbi. Sasa naona ule ulikuwa utangulizi.

Binti wa jirani yangu wa Milimani alisoma chuo Ankara. Ndiye aliyenisomea nakala ya ile karatasi. Imeandikwa kwa Kituruki mwanzo hadi mwisho. Inasema nimeamua kwa hiari yangu kufupisha siku za hoteli, nimepokea huduma zote, na sina dai lolote sasa wala baadaye. Chini yake kuna sahihi yangu imepanda mlima na kuteremka, inaonekana kama kazi ya mtoto wa chekechea. Na nyinyi, nilipowaandikia mara ya kwanza, mlijibu kwa sentensi moja: "Ulisaini." Nilipowaandikia mara ya pili mlinijibu kwa picha ya kidole gumba.

Nilisaini. Basi acheni niwaeleze tena jinsi nilivyosaini, maana pengine hamkunielewa.

Nilikuwa sijala. Nilikuwa nimelala nimeegemezwa mito mitatu kama nilivyoagizwa, na usingizi wenyewe ulikuwa wa kukatika, maana pua ikiwa imezibwa unapumulia mdomo na koo linakauka. Simu ikalia. Nilitoka nikihesabu milango kwa kiganja. Kwenye lifti nilibonyeza vitufe vyote kwa sababu sikujua upi ni wa chini. Mlango ulipofunguka nilisikia watu wengi, sahani, redio, kisha mtoto mdogo akaanza kulia, na mama yake akamnyamazisha upesi. Nilijua amelia kwa kuniona mimi. Machozi yakanitoka, yakachanganyika na marhamu, yakawasha penye nyuzi, na sikuweza kuyapangusa kwa sababu daktari alisema nisiguse. Ndipo nikasikia manukato ya msimamizi wenu. Hakunisalimu. Alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, kifundo, kama unavyomshika mtoto anayevuka barabara. Kalamu. Karatasi. "Kenya, imza." Nikasema ningoje mkalimani. Akabonyeza mkono wangu mezani akarudia, "Imza, imza." Nimerudi na neno hilo moja tu la Kituruki, na silisahau.

Na nilisikia mlio mwingine pale. Mlio wa simu inayopiga picha. Nikadhani ni watalii.

Wiki tatu baadaye niko dukani, hapa Kibuye, mteja wangu mmoja akanionyesha simu yake huku ameinamisha macho. Ni ukurasa wenu. Ni mimi, nimesimama mapokezi, uso umevimba kama mandazi, bamba puani, kalamu mkononi. Na maneno yenu chini yake: "Mteja wetu mwenye furaha akikamilisha safari yake."

Sikumwambia mtu Kisumu ninakwenda kufanya nini. Niliaga kwamba nakwenda Laleli, mtaa wa maduka ya nguo kule Istanbul, kuchukua mzigo wa magauni, kama wafanyabiashara wengi wa nguo wanavyofanya. Lilikuwa jambo langu na mwili wangu, na fedha yangu. Sasa soko zima linajua Laleli yangu ilikuwa kitanda. Wengine wananiuliza kwa upole kama nilipigwa na mume. Wengine hawaulizi, wanaangalia pua kwanza kisha bei.

Fomu yenu, ile iliyo kwa lugha ninayoisoma, ilikuwa na kisanduku cha kuruhusu picha. Nilikiacha wazi. Kiangalieni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na huhitaji kuwa wakili kuelewa maana ya nyeti.

Bwana Meneja, nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na madai manne, nayo ni madogo. Mnirudishie Sh60,000 nilizotoa mfukoni: 46,200 za usiku sita katika hoteli nyingine, 9,800 za teksi (pamoja na ya Jumanne kutolewa nyuzi za kope na ya Jumatano kutolewa bamba, kwa sababu niliambiwa gari lenu ni la "wageni walio hotelini"), na 4,000 za dawa ambazo ziko ndani ya kifurushi. Muiondoe picha. Mnipe ripoti ya upasuaji kwa lugha ambayo daktari wangu wa Kisumu anaweza kuisoma, maana amenipima macho na hana hata karatasi moja ya kumwonyesha nini kilikatwa. Na mniombe radhi kwa maandishi. Ningepata hayo ningenyamaza.

Lakini nimekaa na kalamu hii tangu jioni na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba 60,000 ni gharama za hoteli na teksi tu. Hazilipi ile asubuhi. Kwa hiyo naongeza ada yenu ya uwakala, Sh95,000. Uwakala ni kumwakilisha mtu. Pale mapokezi hakukuwa na mtu aliyeniwakilisha.

Mkopo wa chama niliouchukua kwa safari hii bado naulipa kila mwisho wa mwezi. Mweka hazina ni mmoja wa wale walioiona picha. Alinipa risiti bila kuniangalia usoni.

Hapana. Nataka zote. Mnirudishie Sh685,000, pamoja na zile 60,000. Ikiwa mnasema safari "ilikamilika" baada ya usiku wa nne basi mniuzie ya usiku minne, na ikiwa mliniuzia ya usiku kumi basi hamkutimiza, na mtu asiyetimiza anarudisha. Jumla ni Sh745,000. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi Sh1,000,000, na iko hapa hapa Kisumu, sihitaji kupanda basi. Nimeshaulizia utaratibu. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 nimesomewa pia, hasa pale inapozungumzia mtu anayetumia udhaifu wa mteja asiyeweza kuelewa anachokubali. Malalamiko ya picha yatakwenda kwa Kamishna wa Data bila kungoja mengine.

Na kabla hamjakimbilia kuifuta picha hiyo usiku huu, niwaambie nimeshahifadhi nakala, pamoja na tarehe, maneno yenu na jina la ukurasa wenu ulioisambaza. Iangalieni tena vizuri kabla ya kuifuta. Msimamizi wenu anaonekana mkono tu, umeshika kifundo changu. Karatasi iko chini ya kalamu. Na macho yangu, Bwana Meneja, yamefumba yote mawili. Nimekuwa nikijiuliza nitathibitisha vipi mbele ya hakimu kwamba nilitia sahihi kitu nisichokiona, na kumbe ushahidi mmeutangaza wenyewe.

Nilikuwa nimeandika siku kumi na nne. Nimezikata. Ni siku saba tangu mtakapopokea barua hii, ambayo naileta kwa mkono ili dada wa mapokezi ya ofisi yenu anigongee muhuri kwenye nakala yangu. Yeye simlaumu, ndiye pekee aliyenipigia kuniuliza kama nimefika nyumbani.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi. Na mkiwa na karatasi yoyote mnayotaka niitie sahihi, iandikwe kwa Kiswahili, iletwe dukani kwangu mchana, nami nitaisoma kwa sauti mbele ya wateja mpaka nukta ya mwisho.

Wenu,

Mteja mliyemwita "Kenya",
Kibuye, Kisumu.