Krisanthemamu ni la kurefuka, wauzaji wa maua tuambieni ukweli

Kwa Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na ukurasa wa kilimo ndio nafungua wa kwanza, lakini kila nikifungua ni parachichi, kuku wa kienyeji na nyanya, na mkigusia maua basi ni yale ya Naivasha yanayopandishwa ndege kwenda Ulaya. Na sisi wenye kakipande ka udongo mbele ya nyumba hapa Buruburu? Tunapanda pia, na tunaambiwa mambo ambayo si kweli. Leo nataka kuongea juu ya ua moja tu, krisanthemamu.

Mwaka juzi nilinunua chungu kimoja kwa nasari ya kando ya barabara, maua madogo ya njano yamejaa mpaka majani hayaonekani. Nikamuuliza muuzaji likishamaliza kuchanua nifanye nini. Akaniambia, "Mama, hilo likiisha unatupa unakuja kuchukua lingine, hilo ni la chungu, halirefuki." Sikutupa. Nilikata maua yaliyokauka, nikangoja machipukizi ya chini yatoke, nikachukua vipandikizi vinne vya urefu wa kidole, nikavichomeka kwa mchanga wenye unyevu ndani ya mkebe wa Kimbo, na wiki ya tatu nikivuta kidogo nikasikia vimeshika, mizizi imetoka. Vitatu nikavipanda nyuma karibu na kamba ya nguo, kimoja nikakitia kwa chungu hapo mbele chini ya taa ya sekuriti ambayo inawaka usiku kucha.

Vile vya nyuma havikufika hata kwa goti, vikatoa vitumba, vikachanua, vikaisha. Cha mbele kikapanda, kikapanda, mpaka kikanifika kifuani, majani mazito ya kijani na hakuna hata kitumba kimoja, jirani akawa ananiuliza huo ni mti gani. Nililaumu samadi, nikalaumu mvua ya Aprili, nikalaumu mchanga. Kumbe ni taa!

Nilikuja kuelewa baada ya kuongea na kijana mmoja aliyefanya kazi kwa shamba la maua. Krisanthemamu linahesabu giza. Usiku ukiwa mrefu na haujakatizwa na mwanga linajua wakati wa kuchanua umefika, na likishaanza vitumba shina halirefuki sana tena. Sasa sisi hapa Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana ni kama masaa 12 na usiku masaa 12 mwaka mzima, kwa hivyo kila siku ua linaambiwa chanua, hata likiwa bado kachanga. Ndio maana wenye mashamba wanatundika balbu juu ya matuta na kuwasha katikati ya usiku, ua lidhani usiku ni mfupi, lirefuke kwanza, na wakitaka lichanue wanazima. Na yale ya chungu mengi hupulizwa dawa ya kuyadumaza ili yabaki mafupi ya kupendeza mezani, lakini hiyo dawa inaisha nguvu, vipandikizi vyako vitarefuka vizuri tu.

Nilibeba kile chungu nikakipeleka nyuma kwenye giza. Wiki ya tisa kikachanua, maua juu mpaka chini, nikakaa kwa stuli jioni nikikiangalia nikasahau sufuria jikoni.

Hapo ndipo nikataka kujaribu yale ya kuteremka. Wajapani wanayaita kengai, maana yake jabali lililoning'inia, na kila mwaka tarehe 1 hadi 15 Novemba wanayaonyesha kwa bustani ya Shinjuku Gyoen kule Tokyo, shina linamwaga maua kama maji yanashuka mwamba. Wao kiangazi chao kina siku ndefu, ua linarefuka bure, alafu vuli usiku unarefuka linachanua lenyewe. Sisi lazima tuwashe balbu. Mimi nilifunga moja ya LED na taima, inawaka kutoka saa nne usiku hadi saa nane, na tokeni za stima sikuona tofauti ya kunikosesha usingizi. Niliwasha hivyo miezi mitano.

Chagua aina ya maua madogo madogo, yale makubwa ya shina moja hayafai kuteremka. Nilichukua fito mbili na wavu wa kuku nikatengeneza kama ngazi nyembamba, nikaichomeka kwa chungu ikiwa imeinama, imeegemea ukuta. Shina kuu unaliacha liende bila kulikata ncha, unalifunga kila linapoongezeka, mimi nafunga na vipande vya soksi kuukuu manake kamba ya nailoni inakata. Matawi ya pembeni ndio unakata ncha, kila moja likishatoa majani mawili matatu unafinya na kucha, linatoa mengine, unafinya tena, na hii ndio kazi yenyewe, kila wiki bila kuchoka. Na tafadhali usikunje shina asubuhi. Mimi nililikunja asubuhi moja baada ya kumwagilia, likalia tak! na miezi mitatu ikaishia hapo mkononi mwangu, nikaanza upya. Shina likijaa maji linavunjika kama njugumawe mbichi, ngoja mchana, chungu kikauke kidogo, lilegee, ndio ulifunge polepole.

Maji mwagilia chini sio kwa majani, hasa mvua za masika, kwani kuna ugonjwa wa kutu nyeupe unatoa vipele chini ya jani, ukiviona toa hayo majani uchome. Vidukari navyo vinapenda sana ncha changa, na hilo linanishangaza kwa ua ambalo ni jamaa wa pareto, ile ile ya Molo inayotengeneza dawa ya wadudu.

Mhariri, kuna watu wataniambia hayo ni maua ya matanga. Ni kweli tunayaweka kwa mashada, hata Wafaransa wanayapeleka makaburini tarehe 1 Novemba. Lakini kwangu yako mlangoni na yananifurahisha nikiwa hai. Ninachoomba ni wauzaji wa kando ya barabara wamwambie mteja hayo maneno mawili tu, taa na giza, badala ya kumwambia atupe, mtu ametoa pesa yake. Na nyinyi mtutengee hata nusu ukurasa wa maua ya nyumbani mara moja kwa mwezi.

Langu limeshapita mita moja. Balbu niliizima wiki saba zilizopita, vitumba vimejaa na vya juu vimeanza kuonyesha njano, na kila jioni nalaza ile ngazi kidogo kutoka kwa ukuta ili shina lianze kuteremka, kama upana wa vidole viwili, si zaidi.

Msomaji wenu,
Buruburu, Nairobi