Barua kwa mwanangu: boila haipimwi kwa upepo

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Mwanangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako mamako ameifikisha, marahaba. Sisi huku wazima. Mamako sukari imeshuka tangu aache chai ya maziwa ya jioni, na Omari amerudi juzi kutoka Pangani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza kusema unajibu "ndiyo baba, ndiyo baba", halafu unaomba nikupe mama. Basi mama huyo ndiye aliyenieleza: boila ya ile injini yako ndogo ya mvuke ya reli umeimaliza, Jumamosi ya wiki ijayo unaiwasha uwanjani mbele ya wanafunzi wako, na kabla ya hapo utaipeleka kwa kijana anayejaza matairi pale stendi, aipige upepo mpaka pauni 160 kwa inchi ya mraba uone kama inavuja. Alikuwa anasimulia kwa furaha. Mimi nikasukuma sahani, sikula tena.

Mwanakombo, usiipime kwa upepo.

Najua wewe ni mwalimu wa fizikia na mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitasema kwa lugha yako. Maji hayabanwi. Ukiijaza boila maji mpaka juu, usibakize hewa, kisha ukayasukuma kwa pampu ya mkono, penye ubovu patatoa matone, sindano ya geji itaanguka, na hasara yako ni viatu kulowa. Hewa ni springi. Ukiibana mpaka pauni 160 mle ndani na kiungo kimoja kikaachia, springi yote inafunguka kwa mara moja na shaba inaruka vipande. Bamba lako la mbele, lile la matundu ya mabomba, lina kipenyo cha inchi 5. Kipimo hicho ulinipa mwenyewe. Eneo lake ni inchi za mraba 19 na nusu na ushee. Kwa pauni 80 kwa kila inchi ya mraba, ndiyo presha yake ya kazi, bamba linasukumwa kwa pauni 1,570, yaani zaidi ya kilo 700. Matundu ya mabomba yanapunguza, lakini hayapunguzi mengi. Ni kama magunia saba ya mahindi yamelalia kisahani cha chai. Kwa pauni 160 ni magunia 14. Na kijana wa stendi atakuwa ameikumbatia kifuani, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kushika tairi.

Picha ulizomtumia Omari nimezitazama usiku kucha. Alinikuzia kwenye simu yake mpaka nikaona kila stei, vile vijiti vinavyoshikilia kuta zisivimbe. Nimehesabu 24, na kila moja lehemu ya fedha imeizunguka kama pete, imepita upande wa pili bila kuacha mwanya. Mimi niliingia karakana ya reli mwaka 1974 kama mwanagenzi, nikashika nyundo na tupa mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na miaka mingi baadaye, na nakwambia wapo mafundi niliowaita bwana ambao wasingeweza kazi hiyo. Shaba nyekundu haikubali mtu wa papara. Unaipasha mpaka iwe nyekundu iliyofifia, unaizamisha kwenye maji, unaipinda kidogo, ikigoma unaipasha tena. Wewe umeipinda ile mikunjo ya bamba la nyuma bila ufa. Nilimwonyesha mamako, akasema huyu hajawahi hata kukunja chapati vizuri.

Lakini kona ya chini kushoto, pale kikasha cha moto kinapokutana na fremu yake, rangi si ya fedha. Imepauka, ina mng'ao wa kijivu. Uliziba kwa risasi ya kulehemia, siyo?

Niambie ukweli. Mvuke wa pauni 80 una joto la nyuzi 162 hivi. Risasi ya kulehemia ile ya kawaida inaanza kuyeyuka kwenye 183. Tofauti ni nyuzi 21, na kabla haijayeyuka huwa imeshalegea, haina nguvu ya kushika kitu. Tena umeiweka jirani na moto! Lehemu ya fedha inataka zaidi ya nyuzi 600, ndiyo maana tunaitumia. Kwenye boila risasi haizibi, inaficha. Iondoe yote, usibakize hata chembe, kwa sababu ukipasha tena ikiwa bado ipo itaila ile shaba na lehemu ya fedha haitashika. Sugua, oshea maji ya ndimu mpaka shaba iwe kama ngozi ya mtoto, paka dawa ya kulehemia, rudia. Ndimu nimekuwekea kwenye mfuko, ni za Muheza.

Hila hiyo ya kuziba kwa risasi ulijifunza kwangu, kwenye tangi la maji, ukiwa darasa la sita. Tangi linabeba maji baridi. Ningekwambia palepale kwamba haiendi kwenye boila, lakini uliniuliza nikiwa na kazi ya mtu mkononi.

Sasa vali za usalama. Umeweka mbili, vizuri. Ziweke pauni 80, uzifunge na usiziguse tena. Siku ya moto, hata ukichochea kwa nguvu zote, vali hizo lazima ziutoe mvuke kwa wingi kiasi kwamba sindano haipiti 88. Ikipita, vali ni ndogo, unazima moto na unachonga nyingine. Na zikianza kupumua mapema, kwenye 60 au 65, usichukue koleo. Watu wanakutazama, wanapiga makofi, injini inapumua badala ya kwenda, unaona aibu. Usichukue koleo. Ile vali ya mwaka ule nimekuwa nikisema siku zote kwamba ilikuja na ubovu tangu dukani. Haikuwa na ubovu. Niliikaza robo mzunguko. Mamako hajui, Omari anajua maana ndiye aliyekuwa amenishikia taa. Siku yenyewe unaijua, sina haja ya kuirudia hapa. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Kwa hiyo pampu nimekutengenezea mimi. Nimeikereza Ijumaa baada ya swala, umeme ukakatika mara mbili, nikamaliza Jumamosi. Pistoni yake ni ya shaba njano, milimita 12, washa ni ya ngozi na nimeiloweka mafuta, isikauke. Ndani ya boksi kuna geji yangu ya pauni 300. Ile uliyonunua wewe usiiamini peke yake, zifunge zote mbili kwa pamoja. Zikipishana zaidi ya pauni tano simama, nipigie.

Toa vali zote, ziba matundu yake kwa skrubu za shaba. Acha tundu moja tu la juu kabisa, pale penye kuba, jaza maji hapo huku ukiiinamisha boila huku na huku mpaka viputo viishe. Viputo hivyo ndivyo ninavyoviogopa. Kabla ya kusukuma, weka rula juu ya kuta bapa za kikasha cha moto, uandike unavyoona. Sukuma mpaka 40, tazama. Nenda 80, tazama, gusa viungo kwa karatasi kavu. Nenda 120. Ikifika 160 acha pampu, isimame nusu saa, na sindano isitikisike. Tunapima mara mbili ya kazi ili siku ya kazi boila iwe inafanya nusu ya ilichokwisha kukionyesha. Halafu toa presha, rudisha rula. Ukuta ukiwa umevimba na haukurudi, boila hiyo haiwashwi, hata kama haikuvuja tone.

Utasema nakuchelewesha. Reli hii iliyopita mbele ya kazi yangu yote ilianza kutandikwa hapa Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896. Miaka mitatu kwa kilomita 40! Korogwe ikafika 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na Arusha ikangoja mpaka 1929. Wewe wiki tatu zinakushinda? Wanafunzi waambie mwezi ujao. Watoto hawafi kwa kungoja.

Na siku hiyo ikifika, washa kwanza peke yako, asubuhi, hakuna mtoto karibu. Anza na mkaa wa kuni, ukikolea ndiyo uweke makaa ya mawe. Zile kubwa zetu zilichoma mafuta mazito, hilo sitakufundisha, halina maana kwenye injini ya reli zenye upana wa inchi 5. Ila macho yako yawe kwenye kioo cha maji kuliko mahali popote. Maji yakishuka chini ya dari la kikasha cha moto, shaba ya pale inabaki uchi juu ya moto, inalegea, na hakuna vali ya usalama inayosaidia hapo. Uwe na njia mbili za kuingiza maji, pampu ya ekseli na pampu ya mkono, kwa sababu ile ya ekseli haifanyi kazi injini ikiwa imesimama, na watoto watataka isimame waitazame.

Jina la injini yako nimelisikia, Shengena. Nilinyamaza kwenye simu, ukadhani sikulipenda. Nililipenda sana. Ile injini kubwa namba 5930 yenye jina hilo iko makumbusho ya reli Nairobi, nimesimama chini yake. Zilijengwa 34 za namna ile huko Manchester na Beyer Peacock, zote zikapewa majina ya milima, na kila moja ilipita tani 250. Hakuna injini ya mvuke ya reli za mita moja iliyowahi kuwa kubwa kuliko hizo. Na mlima wenyewe uko Upare, juu ya njia yetu hii ya Moshi. Kwa nini mtu aipe injini yake jina la namna hiyo, halafu aipime kwa mashine ya matairi?

Hesabu yako ya kuipunguza mara nane pia nimeikubali. Mita moja ukiigawa kwa 8 ni milimita 125, na inchi 5 ni 127, umekaribia sana. Mimi nilikuwa nakisia kwa macho.

Karakana bado nzima. Upepo wa bahari unaila kerezo, nimeipaka grisi na kuifunika gunia, lakini mkanda umechakaa na hapa mjini nimekosa saizi yake. Uulizie huko. Kuna mtu wa vyuma chakavu amekuja mara mbili kuitaka kwa kilo. Nimemwambia ina mwenyewe, yuko Morogoro anafundisha. Mamako anataka chumba kile tufugie kuku. Tumesikilizana atachukua upande wa dirisha, bali jiliwa na meza ya mvule havitoki. Bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Pesa uliyotuma ililipa maji na dawa, ikabaki kidogo tukanunua mbolea ya mnazi, ambao umeanza kutoa tena. Mamako anasema ukija uje na vile vitambaa mlivyoongea, mimi sivijui.

Ulipokuja Idi ulikaa siku mbili tu, na siku zote mbili ulikuwa karakana. Mamako hakusema kitu. Mimi ndiye niliyekuita kila mara uje uone hiki na hiki, kwa hiyo sikulaumu kwa hilo. Ila mpigie yeye bila kuniulizia mimi, mara mojamoja.

Boksi hili nilitaka kumpa kondakta. Omari amekataa. Amesema mwenyewe, sikumwomba, atakuja nalo na atashika yeye pampu. Nilimwambia kazi ile inataka mikono miwili yenye nguvu, akasema wa kushoto unatosha na wa kulia utashikilia boksi lisiteleze. Sikuwa na la kujibu. Anapanda basi la asubuhi Alhamisi, atashuka Msamvu alasiri. Kampokee, umpikie kitu cha moto, njiani huwa hali.

Usiende kwa kijana wa upepo kabla yake. Hata kwa kujaribu, hata kwa pauni 20. Niahidi.

Mkifika 160 nipigie, msitume ujumbe, mpige, na msikate. Omari awe ananisomea sindano kila dakika mpaka nusu saa iishe. Vocha nimempa.

Ni mimi babako.