Baruti ikamatwe dikoni, isingojewe baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wakaanga samaki wa Tanga tunalijua kwa mikono yetu. Nina miaka 22 kwenye kazi hii. Samaki hafiki kwenye karai langu kabla sijampara, nikampasua na kumtoa matumbo. Kwa hiyo naomba niaminiwe nikisema kwamba samaki wa baruti, yaani aliyeuawa kwa mlipuko baharini, hajifichi. Ukimtazama kwa nje anaweza kukupita, hasa akiwa amelazwa kwenye barafu. Mpasue. Utakuta damu imevilia kando ya uti wa mgongo, na mara nyingi uti wenyewe umekatika. Miiba ya mbavu imeachana na nyama, kile kifuko cha hewa tumboni kimepasuka. Nyama yake ni tepetepe. Ukimtia kwenye mafuta anamomonyoka, na ukimweka hadi jioni ananuka wakati samaki wa mshipi na wa dema, ule mtego wa kusuka, bado wazima.

Hayo siyajui peke yangu. Wanaonadi wanajua, wachuuzi wa baiskeli wanajua, mama yeyote mwenye kisu anajua. Sasa inakuwaje kila inapozungumzwa habari ya kusimamia sheria ya uvuvi, tunaambiwa boti ya doria ni mbovu na mafuta ya boti hakuna? Bahari ni pana, nakubali. Lakini samaki wote hao, wa halali na wa haramu, lazima washuke nchi kavu, na mahali pa kushukia panajulikana. Mtu mmoja mwenye kisu na mamlaka ya kukamata, akisimama dikoni, pale vyombo vinapoteremsha samaki, alfajiri, ataona mengi ambayo boti haitayaona kwa wiki nzima.

Sheria tunayo. Baruti imepigwa marufuku tangu mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inamtajia anayeitumia kifungo kisichopungua miaka 5. Hata hivyo mwaka 2015 watafiti walipita na chombo kwenye pwani ya Tanzania wakiwa na vinasa sauti vya chini ya maji, na katika safari hiyo moja wakanasa milipuko 318. Zaidi ya nusu haikuwa kwenye visiwa vya mbali ambako serikali haifiki. Ilikuwa jirani na Dar es Salaam.

Miaka iliyofuata milipuko ilipungua sana, na sisi tuliiona tofauti kwenye matenga. Ilipungua kwa sababu wakati ule vyombo vya dola vilifanya kazi pamoja, vikaifuata baruti huko inakotoka. Baruti haizaliwi baharini. Inatoka kwenye migodi na machimbo ya mawe, inasafiri barabarani, inalala kwenye nyumba ya mtu, ndipo inapakiwa kwenye ngalawa. Kijana anayeirusha ni wa mwisho katika safari hiyo yote, na ndiye anayebaki bila mkono ikimlipukia. Watu wa namna hiyo ninao hapa mtaani. Aliyempa baruti hajawahi kukosa hata kidole.

Ninaandika kwa sababu naona tunalegea. Mwaka huu nimepasua samaki wa baruti mara tatu. Mara ya pili nilimchukua changu mmoja jinsi alivyo, mgongo umevunjika, nikampelekea mhusika wa diko nilikomnunua. Akaniambia nisiharibu soko la watu. Nilirudi nyumbani na samaki wangu, nikamtupa, maana sikutaka kumuuzia mtu. Hasara hiyo niliibeba mimi.

Wapo watakaosema baruti ni njaa tu ya wavuvi. Njaa naijua. Lakini mwamba uliopigwa baruti unabaki kifusi, na kifusi kinapokokotwa na mawimbi matumbawe machanga hayapati pa kushika. Mwamba huo hauzai tena mpaka miongo ipite. Na samaki wengi wanaouawa huzama, hata mpigaji mwenyewe hawapati. Kwa hiyo njaa anayoikimbia leo anamwachia mwanawe, tena na mtoto wa jirani ambaye baba yake anavua kwa mshipi.

Kuhusu nyavu nitasema kidogo. Tumezoea kuona nyavu haramu, yaani kokoro linalokokotwa na nyavu za macho madogo, zikichomwa moto ufukweni, viongozi wamesimama kando. Nyavu zile zilinunuliwa dukani, na duka liko mjini, lina mlango na saa za kufungua. Anayepata hasara ni baharia aliyekwenda kuvuta kamba kwa fungu dogo la samaki. Tajiri mwenye nyavu ananunua nyingine mwezi unaofuata. Mkaguzi aanzie kwa muuzaji, kisha kwa tajiri, ndipo aje ufukweni.

Halafu kuna BMU, vile vikundi vyetu vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi. Hawa ni majirani zetu, hawalipwi mshahara, na wanatakiwa kumkamata mtu ambaye jioni watakutana naye msikitini. Nawaonea huruma kuliko kuwalaumu. Ila nimeona pia wanachoweza. Vijiji vya pwani yetu, kuanzia Songosongo kule Kilwa mpaka Kisiwa Panza kule Pemba, vimekuwa vikifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha wanaifungua kwa siku moja wote pamoja. Pweza hukua upesi, basi siku ya kufungua watu wanaona faida kwa macho na hakuna wa kuwahubiria. Kinachowavunja moyo ni mgeni anayeingia usiku wakati mwamba umefungwa, wao wakiwa hawana hata chombo cha kumfuata. Sehemu ya ushuru unaokusanywa dikoni na faini za wavunja sheria irudi kwao kwa kiwango kilichoandikwa, wanunue chombo na mafuta.

Tanga tunajivunia silikanti, samaki wa kale ambaye mwaka 2009 serikali ilimtengea hifadhi ya bahari hapa kwetu. Ni jambo la heri. Lakini anayelisha Tanga ni changu, tasi na kibua, na hao wanaomba mtu mmoja tu wa kusimama dikoni.

Naiomba wizara inayohusika na uvuvi iweke wakaguzi kwenye minada, wapewe idhini ya kupasua samaki papo hapo na kulizuia tenga zima wakiona dalili. Nahodha aulizwe kavua wapi, mnunuzi aulizwe kwa nini ananunua, na jina la mwenye chombo liandikwe. Bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, ambaye hajawahi kuziona dalili hizo asione haya. Aje asubuhi yoyote kabla sijawasha jiko, kisu ninacho, nitamwonyesha.

Jina langu naomba lihifadhiwe, kwa kuwa bado nanunua samaki kwenye diko hilohilo.

Mkaanga samaki,
Tanga