Tambi za Kichina ni ugali, zitafutieni mboga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeuliza tambi za Kichina ziliwe na nini nyumbani, pamoja na wale waliomjibu kwamba aziandalie chipsi, soseji na sambusa. Majibu hayo yamenikaa rohoni siku tatu, kwa sababu kosa hilo nimeshalifanya na chakula kikamwagwa.

Ilikuwa kipaimara cha mwanangu wa pili. Nilipika sufuria kubwa ya tambi za mayai, nikapanga na wali, chipsi na kuku wa kukaanga. Wageni walipakua wali, wakaongeza chipsi, tambi wakachukua kidogo kwa heshima tu. Jioni nilipofunua sufuria zilikuwa zimeshikana kama tofali. Niliumia, maana pakiti zile nilizinunua kwa fedha ya kudunduliza, na nilidhani tatizo ni upishi wangu.

Miaka iliyofuata nilipata kibarua cha jikoni katika kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara ya Kondoa, ukishapita Mayamaya. Kazi yangu ilikuwa kumenya, kuosha na kukata. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa Henan, mkoa wa ngano, na kwao tambi huliwa siku yoyote bila sherehe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini maneno mawili ya kwao alinifundisha nikayashika: fan na cai. Fan ni kile kinachojaza tumbo: wali, mkate wa mvuke, tambi. Cai ni kile cha kulia hiyo fan, iwe majani, samaki au nyama. Siku nilipoelewa niliweka kisu chini. Mhariri, huo ni ugali na mboga! Sisi nasi tukisema "leo mboga ni nini" jibu laweza kuwa dagaa, maharage au nyama ya mbuzi, na hakuna anayeshangaa. Wala sijaona nyumba Ugogo ambapo ugali wa uwele umeandaliwa kwa wali. Sasa kwa nini tambi tuzilie chipsi?

Kwa hiyo mboga ya kwanza ninayomshauri msomaji mwenzangu ni chainizi, ambayo jina lake lenyewe linasema ilikotoka. Soko la Majengo imejaa asubuhi. Shida ni kwamba tumezoea kuichemsha mpaka inapoteza rangi. Kambini iliingia kwenye karai la moto mkali, mafuta kijiko kimoja, kitunguu saumu kilichopondwa, ikageuzwa mara nne au tano, ikaepuliwa mashina yakiwa bado yanalia menoni. Hiyo sauti ndiyo inayotafutwa. Tambi ni laini na zinateleza, zinahitaji kitu cha kutafuna. Mimi nimekulia Mvumi kwa mlenda wa karanga na sitauacha mpaka nazikwa, lakini nimejaribu kuulia tambi mara mbili na simshauri mtu: vyote viwili vinateleza, mdomo haupati kazi. Majani ya kunde ya kukaanga na saumu, hayo yanakubali vizuri sana.

Pili, tango. Usilikate vipande vya duara. Lilaze kwenye ubao, liwekee ubapa wa kisu juu, ligonge kwa kiganja mpaka lipasuke, kisha likate vipande vya kutosha mdomo. Mpasuko ule unakuwa na vijishimo, na siki na saumu vinaingia humo badala ya kuteleza juu. Litie chumvi kidogo, liache dakika 10, mwaga maji yaliyotoka, ndipo utie siki, saumu na sukari ya kuonjea. Wenzetu hutia mafuta ya ufuta. Mimi hukaanga ufuta bila mafuta, nikautwanga, nikachanganya na mafuta yetu ya alizeti. Tambi zikiwa za kukaanga, zenye mafuta, hili tango lenye uchachu wa baridi ndilo linalofanya mtu aongeze sahani.

Lakini ninachotaka wakazi wenzangu wa Dodoma wakijue zaidi ni choroko za kuotesha nyumbani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kiangazi kikikaza fungu la mboga linakuwa dogo na bei inapanda. Choroko hazijali kiangazi. Loweka kikombe kimoja usiku. Asubuhi chuja, zimwage kwenye chujio la plastiki, zifunike kwa kitambaa kibichi na uziweke kabatini gizani, maana mwanga unazifanya kuwa za kijani na chungu. Zisuuze asubuhi na jioni. Siku ya pili kila punje imetoa mkia mweupe kama jino la mtoto, siku ya nne ni ndefu kama kidole na chujio limejaa hadi juu. Maji ya kusuuzia mimi humwagia mchicha wangu wa kwenye ndoo. Zipike kwenye karai moto mkali, ziive lakini zisilegee, usiwape watoto zikiwa mbichi. Kikombe kile kimoja kinalisha watu sita, na mtu asiyejua akiona sahani atadhani umetoka supamaketi.

Nyama iwe kidogo, robo kilo kwa sahani zote, iliyokatwa nyembamba. Yai la kuchemsha linatosha kabisa, na karanga za kukaanga katika kisahani hazijawahi kubaki kwangu.

Jambo moja naliomba kwa dhati, hasa kwa nyumba zenye mgonjwa wa presha kama yangu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina gramu 2 hivi. Ukishaitia kwenye tambi, usiitie tena kwenye chainizi, kwenye nyama na kwenye mayai. Ndiyo maana mboga zangu nazitegemeza kwa saumu, siki na tangawizi. Mume wangu alilalamika wiki ya kwanza, sasa yeye ndiye anayegonga matango.

Nawe Mhariri, nina ombi. Ukurasa wako wa mapishi unapoandika chakula cha kigeni, tuandikie kwa vipimo vya sokoni, fungu na kisado, na ututajie mboga itakayopatikana hapa mwezi Septemba. Choroko zangu za Jumapili hii nimezisuuza asubuhi ya leo, mikia imeshatoka.

Mama Neema,
Nkuhungu, Dodoma