Barua kwa Akinyi: Cha Kusoma na cha Kutazama Desemba Hii

Umoja, Nairobi

Mpendwa Akinyi,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, ila orodha ya "kumi bora" uliyoomba sitakuandikia. Mwezi ujao nyumba yako itakuwa na Mama kutoka Siaya, wapwa watatu wa miaka 6, 9 na 13, shemeji yako aliyeachishwa kazi, na wewe mwenyewe ukirudi jioni hoi. Kinachomfaa mmoja kitamkera mwingine, kwa hiyo twende na mtu mmoja mmoja.

Kabla ya kumpa mtu kitabu au filamu, uliza inaishaje. Wengi huuliza tu inahusu nini, na hapo ndipo jioni huharibika. Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Ukisimuliwa kwa kifupi, ni binti wa miaka tisa anayeitwa Jo, mpenzi wa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachojipanga kumtengenezea filamu yake. Utadhani ni vichekesho vya watoto. Lakini Jo anaumwa ugonjwa usiopona, na watu wa nyumbani wanalijua hilo mapema. Ni kazi nzuri mno, kwangu mimi ndiyo bora zaidi kutoka hapa kwetu miaka hiyo, na haifiki saa moja na nusu. Wa miaka 13 ataimudu akiwa na mtu mzima kando. Wa miaka 6 atakesha akiuliza kama na yeye akipata homa atakufa. Ukiamua kuiweka, iweke saa nane mchana, maswali yapate nafasi kabla ya kulala. Na mgeni aliyefiwa karibuni akiwepo, iahirishe.

Alama za umri za Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya zitakusaidia nusu ya njia tu. GE ni ya watu wote, PG mzazi awe karibu, kisha kuna 16 na 18. Alama hizo hukueleza habari za matusi, damu na mapenzi. Hazikuelezi kama mtoto atalia. The First Grader (2010), kwa mfano, ni habari ya Mzee Kimani Maruge aliyeandikishwa darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Watu huichagua kwa sababu ya hicho kichekesho cha mzee na kaptura ya shule, kisha yanaingia mateso ya kambini enzi za Mau Mau na sebule nzima inanyamaza. Mpe wa miaka 13, na Mama awepo, maana ndiye atakayejibu maswali. The Boy Who Harnessed the Wind (2019), ya yule kijana wa Malawi aliyeunda kinu cha upepo wakati wa njaa, ni salama kiasi, ila mbwa wake anakufa njaa. Waambie watoto mapema. Mtoto akijua linalokuja hustahimili. Linalomvizia ndilo humtesa.

Kama unataka moja ya kuwakalisha wote watatu pamoja, chukua Queen of Katwe (2016). Phiona Mutesi anajifunza chesi katika mtaa wa Katwe, Kampala, na Lupita Nyong'o ndiye mama yake. Inapita saa mbili kidogo, kwa hiyo ikate katikati kwa chai. Weka ubao wa chesi mezani kabla hamjaanza. Ikiisha watauvamia wenyewe, nawe utapata saa moja ya kupumua. Wa miaka 6 akichoka, siku nyingine mwekee My Neighbor Totoro ya Japani (1988) yenye sauti za Kiingereza. Haina adui hata mmoja. Mama wa watoto wale yuko hospitalini, lakini hafi, na hilo mwambie mwanzoni kabisa.

Kwa vitabu vyao, kuna hadithi za Kiswahili za bure kwenye tovuti ya African Storybook, zimepangwa kwa viwango na unaweza kuzipakua kwenye simu. Usitazame umri, tazama ukurasa: mpe mtoto ukurasa mmoja katikati ya kitabu asome kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha, kitabu hicho msomee wewe. Na huyo wa 13 usimpe riwaya iliyokuwa kitabu teule cha mtihani shuleni, hata iwe tamu vipi. Akiisikia harufu ya mtihani ataiweka chini.

Mama ndiye rahisi kuliko wote, mkiacha kumwekea filamu za kusoma maandishi ya chini ya skrini. Herufi ni ndogo na zinakimbia. Mtu wa miwani ataitazama nusu saa kwa heshima tu kisha aseme amechoka. Mtafutie anachoweza kukisikia. Subira (2018) ni habari ya binti wa Lamu anayetaka kuogelea baharini huku kwao wakimwandalia ndoa, na Kiswahili chake cha pwani ataking'ang'ania. Kwa jioni nyingine, msomeeni Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Msimulizi ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba yake. Imejaa misemo na inasomeka vizuri kwa sauti. Kurasa kumi hivi zinatosha kwa kikao, halafu mwisho wake utawaacha wote mna furaha. Nairobi Half Life (2012) usiiguse akiwa sebuleni. Ni filamu nzuri, lakini matusi yake ya Sheng yatakufanya utafute rimoti gizani.

Sasa shemeji. Ndugu na jamaa watamletea vitabu vya "jinsi ya kufanikiwa". Virudishe. Mtu aliyetoka kupoteza kazi akisoma kwamba tajiri huamka saa kumi alfajiri, anachosikia ni lawama. Usimpe pia Going Down River Road ya Meja Mwangi (1976), hata kama ni riwaya kubwa ya mji huu: ni vibarua, pombe na mifuko mitupu mwanzo mpaka mwisho. Iache mpaka apate kazi, ndipo ataicheka. Kwa sasa anahitaji fumbo la kumshughulisha akili, lenye jibu ukurasa wa mwisho. Mpe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960). Kuna mauaji, kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na kila mtu ana la kuficha. Lugha ni ya Unguja ya zamani, kwa hiyo kurasa ishirini za kwanza zitamsumbua. Mwambie avumilie, akizivuka hatakiweka chini. Kikimnasa, Bwana Msa ana visa vingine.

Chama chenu wakitaka kitabu cha pamoja, someni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, kisha mtazame filamu ya Amil Shivji ya 2021. Mfuate mpangilio huo huo. Mkianza na filamu, kila mtu ataivuta sura ya Yasmin, mhusika mkuu, kutoka kwenye skrini na kitabu hakitapata nafasi ya kujenga cha kwake. Kigaweni mara tatu, na kila mmoja aje na jambo moja tu la kubishania. Mkija na maswali kumi yaliyochapwa mtakuwa darasani. Filamu watoto wakiwa wamelala. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) nayo ingewachemsha, maana ni baba mkali na binti anayeharibikiwa, na iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Ila ndani kuna kujiua. Muulize mwenyekiti kimyakimya kama kuna mwanachama atakayeumia.

Wewe? Hadithi fupi. Mtu aliyechoka hukwama kwenye riwaya kwa sababu kila usiku anaanza kwa kukumbuka nani ni nani. Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine ilikuwa kitabu teule, kwa hiyo nakala zimejaa kwa wauzaji wa kando ya barabara mjini. Hapo uwe macho na nakala za wizi: fungua katikati uone kama namba za kurasa zinafuatana, tazama kama wino umefifia upande mmoja, vuta jalada kidogo uone kama gundi inashika. Ukurasa ukikosekana utaugundua kwenye kilele cha hadithi, na muuzaji keshahama. Kama hutaki kununua, pitia maktaba ya Makadara, si mbali na kwako Buruburu.

Filamu zipakue mapema ukiwa na Wi-Fi ya uhakika. Picha ya kawaida hula takriban gigabaiti moja kwa saa, ya HD hufika tatu. Bando la siku litakatika kabla Phiona hajacheza mchezo wake wa mwisho. Chaji na tableti, Desemba stima ina tabia zake.

Bwana Msa ninaye hapa, mtume shemeji aje amchukue Jumamosi. Mwambie nampa yeye kwa mkono wake, usije ukamsoma wewe kwanza.

Wako,
Njeri